Mhariri, besiboli siyo mpira wa magongo, na Oakland haikushuka daraja

Mhariri, salamu nyingi kutoka Tanga.

Mi msomaji wako wa siku nyingi, gazeti nalisoma hapa kijiweni kwetu Ngamiani, na nisikudanganye, hatununui kila mtu lake, tunanunua moja tunasoma watu kumi, likinifikia mimi limeshakunjwakunjwa na lina doa la kahawa. Sasa jana Jumatatu tarehe 30 Septemba ukurasa wa michezo, kule chini kabisa chini ya msimamo wa ligi ya Uingereza, mmeweka kihabari cha mistari minne eti timu ya "mpira wa magongo" ya Chicago imefungwa mara 121 msimu huu, alafu mwandishi wenu akamalizia kwa utani, hivi hii timu haishuki daraja? Basi. Ndo hiyo tu habari nzima ya ligi ya Marekani kumaliza msimu wake.

Mistari minne hiyo imetukalisha kijiweni mchana kutwa, watu wakaacha kazi zao, fundi cherehani wetu alikuwa ana sare za watoto za kushona mpaka leo hajazimaliza. Kwa hiyo naomba nafasi nijibu, na usinikate kate barua yangu kama mlivyofanya ile ya mwaka juzi.

Kwanza jina. Mpira wa magongo ni ule wa kukimbiza kampira chini kwa gongo lililopinda, hoki, ule una wenyewe na chama chao. Hii ni besiboli, mrushaji anarusha, mpigaji anapiga, alafu anakimbia kuzunguka besi nne mpaka arudi alipoanzia. Ukitaka kumfahamisha mtu wa huku haraka mwambie achukue rede aichanganye na kriketi ya Wahindi, hata kama mpwa wangu akisikia nasema hivo anakasirika.

Huyu mpwa wangu ndo chanzo cha yote. Alisoma sekondari Dar, shule yao ilikuwa na timu, wakawa wanaenda kucheza pale Azania kwenye uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, akarudi Tanga na glovu moja ya mkono wa kushoto na maneno mengi. Tukamuona kachanganyikiwa. Ila kumbe kijiweni tulikuwa na mtu mwingine anayeujua huo mchezo tangu zamani na hajawahi kutwambia, Mzee Baharia, maana hakuna aliyemuuliza.

Mzee huyu alizunguka na meli za Wagiriki miaka mingi, kazi yake ilikuwa kutia mafuta mashineni, na ana kofia moja ya kijani mbele ina herufi A ya njano, sasaivi imepauka na ukingo wake umeliwa. Miaka yote tulijua ni kofia ya Yanga. Yeye Simba damu damu, watu wanamtania mzee umerudi kundini, hajibu, anaivuta kofia chini anakunywa kahawa yake. Siku mpwa wangu alipoiona akasimama, akasema shikamoo babu, hii kofia ya Oakland umeitoa wapi? Mzee akamtazama muda mrefu, akasema marahaba, kaa chini.

Basi mwaka 1988 meli yao ilitia nanga bandari ya Oakland, kule California, wakakaa siku kadhaa wanapakua, jamaa mmoja wa bandarini akampa tiketi na hiyo kofia. Akaenda. Akamuona José Canseco, lijitu limejengeka kama kuli wa bandari ya Tanga enzi za mkonge, na mwaka ule ule Canseco akawa wa kwanza kwenye historia ya ligi yao kupiga homurani 40 na kuiba besi 40 ndani ya msimu mmoja. Homurani ni pale mpira unapigwa mpaka unavuka ukuta, na kuiba besi ni kuchomoka mbio wakati mrushaji anarusha, ukawahi besi ya mbele kabla mpira haujafika. Vitu viwili hivi haviendi pamoja, mwenye nguvu za kuvusha mpira ukuta mara nyingi miguu yake mizito. Na mwaka huo huo 1988 ndo Coastal Union ilichukua ubingwa wa Tanzania, wa pekee mpaka leo, na mzee hakuwepo. Habari aliipata kwa barua ya mkewe miezi miwili baadae. Anasema alilia kwenye chumba cha mashine, na hajui alilia kwa furaha au kwa kukosa.

Nimeeleza yote hayo mhariri ili ujue kwamba kihabari chako kimeangukia kwa watu gani.

Haya sasa, habari za mwisho wa msimu. Mngeweka hata nusu ukurasa msingekosa la kuandika. Shohei Ohtani, Mjapani wa Los Angeles Dodgers, yule mwenye mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka 10, amevunja hesabu za Canseco zote, amemaliza na homurani 54 na besi za kuiba 59, hakuna mtu aliyewahi kufika 50 kwa 50. Ile siku aliyofika, tarehe 19 Septemba kule Miami, alipiga mara sita katika mara sita alizosimama, homurani tatu, besi mbili akaiba, na peke yake akaingiza mikimbio 10, yani pointi 10, Dodgers wakashinda 20 kwa 4. Na mwaka huu harushi kwa sababu ya kiwiko alichofanyiwa upasuaji, maana kawaida yake ni mrushaji vilevile, yani ni kama golikipa ndo awe mfungaji bora. Mpwa wangu siku ile hakulala. Mzee Baharia alisema tu, Canseco alikuwa hana mkalimani wa kumuibia. Hiyo ni ile kesi ya mkalimani wa Ohtani aliyekiri mahakamani kumuibia bosi wake karibu dola milioni 17 akalipe madeni ya kubeti, na hapo ndo waliokuwa na mikeka mfukoni wakaanza kutazama pembeni.

Ohtani nisimrefushe, huyo wa kila mtu. Na Aaron Judge wa Yankees na homurani zake 58 pia wa kila mtu, nusu ya bodaboda wa Tanga wamevaa kofia yenye N na Y ya mtumba na ukiwauliza wanakwambia hiyo ni Nyuyoki tu.

Mi nataka nizungumzie hao wa Chicago mliowacheka.

Wanaitwa White Sox. Ligi kuu yao ina timu 30, kila timu inacheza mechi 162 kuanzia Machi mwishoni mpaka Septemba, karibu kila siku, siku ya kupumzika ni chache mno, kwa hiyo usifikirie 121 ni kama kufungwa mechi 121 za ligi yetu ambazo zingechukua miaka minne. Hata hivo ni aibu. Wameshinda 41 tu. Julai mpaka mwanzoni mwa Agosti walifungwa mechi 21 mfululizo, na mtu aliyekuja kuwaponya ni Oakland, tarehe 6 Agosti wakaenda pale wakashinda 5 kwa 1, mzee akavua kofia akaiweka mezani juu chini. Siku mbili baadae kocha wao Pedro Grifol akafukuzwa. Rekodi ya zamani ya kufungwa mara nyingi kwa msimu katika zama hizi ilikuwa 120, ya New York Mets mwaka 1962. White Sox wiki iliyopita walikuwa wameshafika 120, wakarudi nyumbani kwao kucheza na Angels, watu wakaja uwanjani wanataka kuona historia, wanaimba uzeni timu, wanamuimbia tajiri wa timu, na timu ikawafanyia visa, ikashinda mechi zote tatu! Fikiria wewe shabiki umelipa kiingilio kuja kuona timu yako inafungwa alafu inakushinda hata hilo. Ikabidi wasubiri mpaka Ijumaa kule Detroit, wakafungwa 4 kwa 1, ndo 121, na kwa mechi hiyo hiyo Detroit wakafuzu mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2014.

Sasa swali la mwandishi wenu, mbona hawashuki daraja. Hawashuki kwa sababu kule hakuna kushuka. Timu ni mali, wenye nazo ni matajiri 30 na kila mmoja amenunua kiti chake, wa mwisho anabaki na anakatiwa mgao wa tivii kama wengine. Tena kwa kawaida ukiwa wa mwisho unapewa nafasi ya mwanzo mwanzo kuchagua vijana wapya wanaotoka vyuoni na mashuleni, ila kwa White Sox hata hilo mwakani hawalipati sawasawa, kuna kanuni inazuia timu za miji mikubwa kupata nafasi za juu miaka miwili mfululizo, wataanzia nafasi ya 10. Dereva wetu wa bodaboda akasema huo ni ujinga, timu ikifungwa hivo ishushwe ikacheze na wenzake matopeni ijifunze adabu. Karibu kijiwe kizima kikamuunga mkono.

Hapo ndo nikasema ngojeni kwanza. Nyie watu wa Tanga mnasema hivo?

Msimu wa 2015/16 mmesahau? Mkoa ulikuwa na timu tatu ligi kuu, Coastal Union, African Sports na JKT Mgambo, na zilizoshuka daraja zilikuwa tatu, na zote tatu zilikuwa za kwetu. Zote. Ligi haikuchukua hata moja kutoka mkoa mwingine. Mi nakumbuka siku zile hapo hapo kijiweni, mzee mmoja wa African Sports na mmoja wa Coastal, watu ambao toka utotoni hawapeani mkono wiki ya mechi yao, walikaa benchi moja na hakuna aliyeweza kumcheka mwenzake, kahawa ilipoa kwenye vikombe na muuza kahawa hakudai. Uwanja wetu wa Mkwakwani msimu unaofuata ukawa hakuna kuja Simba hakuna kuja Yanga, mama wa mihogo pale nje ya geti akahamia stendi. Coastal ilikuja kurudi msimu wa 2018/19. African Sports na Mgambo mpaka leo tunawasubiri.

Fundi cherehani akasema lakini si ndo tukajifunza, Coastal imerudi, msimu uliopita imemaliza ya nne na mwaka huu imecheza Kombe la Shirikisho Afrika. Ni kweli. Ila angalia na wenzetu kule. Kansas City Royals mwaka jana wamefungwa mechi 106, ingekuwa ni kwetu wangekuwa championship wanalala gesti za bei rahisi, sasa mwaka huu wameshinda 86 na wapo kwenye mtoano, na wana kijana anaitwa Bobby Witt Jr. aliyeongoza ligi yao ya American, moja ya mbili zinazounda ligi kuu yao, kwa wastani wa kupiga, .332, yani karibu mara moja katika kila tatu anapiga na kufika besi salama. Detroit nao, Agosti walikuwa chini, wameshakata tamaa mpaka mrushaji wao mzuri Jack Flaherty wamemuuza kwa Dodgers, alafu wakashinda 31 katika mechi 44 za mwisho. Kwa hiyo mi sikubaliani na mwandishi wenu moja kwa moja, kushusha siyo dawa ya kila kitu, timu nyingine inahitaji mwaka mmoja tu wa kuachwa ikae.

Lakini kutoshusha kuna ubaya wake, na ubaya wake siyo Chicago. Ubaya wake ni Oakland, na nyie Oakland hamkuandika hata neno.

Alhamisi iliyopita tarehe 26 saa nne na nusu na dakika kadhaa usiku, kwao mchana, Oakland Athletics walicheza mechi yao ya mwisho nyumbani kwao, kwenye uwanja wa Coliseum walioukalia tangu 1968. Hawajashuka, hawajafilisika, hawajafungiwa na mtu. Mwenye timu, John Fisher, ameamua anaipeleka Las Vegas, kule kwenye makasino, na kwa kuwa uwanja wa Las Vegas haujajengwa na wanautarajia 2028, mwakani wanakwenda kukaa Sacramento kwenye kiwanja cha timu ya daraja la chini. Matajiri wenzake mwaka jana Novemba walipiga kura ya kumruhusu, 30 kwa 0. Timu iliyochukua ubingwa wa dunia 1972, 1973 na 1974 mfululizo, na tena 1989. Familia ya huyu Fisher ndo iliyoanzisha nguo za Gap, mpwa wangu alipolisema hilo tukageuka wote tukamtazama muuza kahawa, maana sweta lake la mtumba lina maandishi hayo kifuani makubwa kabisa, masikini akabaki anasema mimi nimefanyaje.

Mechi ile tuliitazama kwenye simu ya mpwa, tumeiegemeza kwenye chupa ya kahawa, watu saba na simu moja, na kila ikikwama mtu anasema isogeze dirishani. Walikuja watu 46,889 kwenye uwanja ambao msimu mzima ulikuwa mtupu kama Mkwakwani siku ya mazoezi, kwa sababu watu walikuwa wamesusa. Waliorusha mipira ya ufunguzi ni Rickey Henderson na Dave Stewart. Henderson yule aliyeiba besi 130 msimu wa 1982 mpaka leo hajafikiwa, na Stewart naye, Mzee Baharia alimuona kwa macho yake mwaka ule wa 1988. Akasema amekuwa mtu mzima sasa. Hakuna aliyejibu maana hata yeye mwenyewe ni mtu mzima.

Oakland walishinda 3 kwa 2 dhidi ya Texas Rangers. Haikubadilisha kitu chochote kwenye msimamo. Mwisho kocha Mark Kotsay akashika kipaza sauti katikati ya uwanja na wachezaji wote nyuma yake, akawashukuru watu alafu akawaongoza kuimba jina la mji wao kwa mara ya mwisho, na watu walikuwa wanachota udongo wa uwanjani wanautia kwenye vikopo. Udongo, mhariri. Mzee alikuwa ameshika ile kofia mikononi anaizungusha kwa vidole, anaizungusha, mpaka video ikaisha na simu ikaanza kutuletea tangazo la kubeti.

Huku kwetu lipo pia, tusijifanye. Ihefu ya Mbarali, ile iliyoifunga Yanga 2 kwa 1 Novemba 2022 ikakata mwendo wao wa mechi 49 bila kufungwa, taifa zima likajua Mbarali ni wapi, ile timu leo ipo? Imehamia Singida na imebadilishwa na jina, Singida Black Stars. Watu wa Mbarali wamebaki na mpunga wao na kumbukumbu ya siku moja. Hapo gazeti lako liliandika vizuri kuhusu wachezaji wapya waliosajiliwa Singida, sikuona mtu aliyetumwa Mbarali kuwauliza wale waliokuwa wanajaa pale uwanjani, sasa Jumamosi wanakwenda wapi.

Ndo maana mi msimamo wangu nikauweka mezani na leo nauweka kwako, bora kushuka kuliko kuhamishwa. Coastal iliposhuka ilikuwa bado yetu, tuliitukana, tuliichangia, tuliifuata kwenye viwanja vya vumbi. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, lakini huo tunawaambia wageni, hatukuutunga kwa ajili ya timu.

Nilijiona nimeongea la maana sana. Kijiwe kikanyamaza, mpaka bodaboda akakubali. Alafu mpwa wangu, hawa watoto simu inawaharibu, akasema taratibu, ila mjomba, hata Oakland waliichukua timu ya watu. Nikamuuliza ya nani? Akasoma. Athletics walianzia Philadelphia mwaka 1901, wakakaa mpaka 1954, wakahamia Kansas City wakakaa mpaka 1967, ndo mwaka 1968 wakahamishiwa Oakland. Kwa hiyo kuna watu Kansas City nao walilia, na kabla yao kuna watu Philadelphia. Mzee Baharia alikuwa anasikiliza. Akauliza, na hao Kansas City wakafanyaje? Mpwa akamwambia mwaka uliofuata tu, 1969, wakapewa timu mpya, ndo hawa Royals. Mzee akatikisa kichwa akaagiza kahawa nyingine.

Jana usiku ikaja mechi ambayo mhariri ungekuwa na mtu wa kuiandika ungeuza gazeti. Mechi mbili za siku moja, Atlanta Braves na New York Mets, ziliahirishwa wiki iliyopita kwa sababu ya kimbunga Helene, zikarudishwa Jumatatu wakati timu nyingine zote zimeshamaliza. Timu tatu zinagombea nafasi mbili, hao wawili na Arizona Diamondbacks, ambao wao wameshamaliza, wamekaa nyumbani wanatazama tivii. Hesabu ilikuwa hivi, Mets na Braves wakigawana, kila mmoja akishinda moja, wote wawili wanafuzu na Arizona nje. Mmoja akishinda zote mbili, Arizona wanaingia na aliyefungwa anatoka.

Usiniulize Mtanzania anasema nini akisikia hesabu kama hiyo. Kabla mpira haujarushwa kijiwe kizima kilishasema wamepeana hao, moja moja, imeisha hiyo, na bodaboda akasema angekuwa na hela angebeti gari.

Ya kwanza ilianza kwetu saa mbili na dakika kumi usiku, muda wa watu. Atlanta wakaongoza 3 kwa 0 mpaka zamu ya nane, kila timu ina zamu tisa. Zamu ya nane Mets wakaingiza sita kwa mpigo, 6 kwa 3, hapo tukasema haya wameshapewa. Atlanta nao wakarudi zamu hiyo hiyo wakaingiza nne, Ozzie Albies akapiga mmoja ukaingiza watu watatu, 7 kwa 6, wanaongoza wao. Zamu ya tisa Francisco Lindor wa Mets, ambaye mgongo ulikuwa unamuuma wiki mbili hizi, akapiga homurani na mwenzake yuko kwenye besi, 8 kwa 7, ikaisha hivo. Mi nilisimama bila kujijua na kahawa ikanimwagikia mguuni. Ya pili ikawa usiku mno, Atlanta wakashinda 3 kwa 0, wote wawili wakafuzu, Arizona na ushindi wao 89, sawa sawa na wenzao wote wawili, wakabaki nje.

Waliosema wamepeana bado wanasema. Mi nasema ya pili sijui mioyo ya watu, aliyeshafuzu hawezi kukimbia kama mwenye njaa, ila ya kwanza haiwezi kupangwa na binadamu yeyote, na kama kuna mtu anaweza kuipanga ile aje atupangie na mvua. Na angalia mambo ya dunia, hao Mets ndo wenye ile 120 ya 1962, Ijumaa Chicago wamewavua aibu ya miaka 62, Jumatatu wako kwenye mtoano.

Leo asubuhi tumeamka na habari nyingine, Pete Rose amefariki akiwa na miaka 83, yule aliyepiga mipira salama 4,256, yani ya kupiga akafika besi, mingi kuliko mtu yeyote, na akafungiwa maisha mwaka 1989 kwa kubeti mechi za timu aliyokuwa anaifundisha mwenyewe. Hili nalo mwandishi wenu aliandike, na liwekwe ukurasa ule ule ambao mnaweka tangazo la mikeka kila siku. Nimemaliza hapo, sitaki ugomvi.

Ombi langu mhariri ni dogo. Mkiandika iteni besiboli. Wekeni msimamo wa mwisho hata kwa herufi ndogo, timu zote 30, na walio chini muwaweke pia, maana hata huku mkibana nafasi mnakata timu za chini na sisi miaka mingine timu yetu ndo inakuwa huko. Na mtu wenu wa Dar apite Azania siku moja awaone hao watoto wanaorusha.

Mtoano unaanza leo. Kansas City Royals wako Baltimore, kwetu ni saa tano na dakika nane usiku, mpaka barua hii itoke, kama utaitoa, matokeo mtakuwa mnayo. Mchana huu wakati naandika Mzee Baharia amekuja na kofia yake ile ile, akamtolea mpwa wangu buku mbili, akamwambia nunua bando la usiku, leo tunaangalia Kansas City. Bodaboda akamuuliza kwani mzee umehama? Akasema hapana, nimekwenda kuwapa pole, nimechelewa tu.

Mimi msomaji wako,
Ngamiani, Tanga.
1 Oktoba 2024.